Luther, kale kasamaki ka kijani kasikotulia

Najua mnasubiri niandike kuhusu magemu mapya, yale ya kupigana na ya mpira, nitaandika tu msijali, ila leo niacheni nimwongelee Luther. Humjui? Basi huenda unamjua mwenzake, Freddi Fish, yule samaki wa njano, wa kike, anayechunguza kesi za wizi chini ya bahari. Luther ndo yule mdogo wa kijani anayemfuata nyuma nyuma, anagusa visivyoguswa, anaanza kuogopa hata cha kumwogopesha hakijatokea, afu dakika moja mbele kashasahau kama alikuwa anaogopa, anataka kucheza. Kila anayeisimulia hii gemu anamsimulia Freddi, na sio ajabu maana jina lake ndo liko kwenye boksi, ila mi kwa mtazamo wangu gemu nzima imemwegemea Luther. Mtoe pale uone kama mtoto wa miaka mitano atakaa hata robo saa.

Ngoja nianzie mbali kidogo maana bila hivyo hamtanielewa.

Gemu ya kwanza ilitoka 1994, inaitwa Freddi Fish and the Case of the Missing Kelp Seeds, wametengeneza Humongous Entertainment wa Marekani, jimbo la Washington, ukanda ule wa Seattle. Kampuni yenyewe ilianzishwa 1992 na watu wawili, Shelley Day na Ron Gilbert. Sasa huyo Gilbert sio mtu wa kuokotwa, huyo katokea kwa kina Lucas, kampuni ya gemu ya Lucasfilm Games, ndo aliyehusika na Maniac Mansion ya 1987 na The Secret of Monkey Island ya 1990, zile gemu za hadithi ambazo unatembea, unaokota vitu, unapiga stori na watu, unafumbua mafumbo mpaka hadithi iishe. Na kama ulizicheza za zamani za aina hiyo unajua zilivyokuwa na roho mbaya. Unafungua mlango, umekufa. Unakunywa maji, umekufa. Au mbaya zaidi, kuna kikamba hukukiokota kule mwanzo kabisa, unaendelea kucheza siku tatu hujui kama ulishapotea zamani, hakuna wa kukwambia. Gilbert alizichoka hizo tabia, mwaka 1989 akaandika makala kuzisema, kwamba kumuua mchezaji ovyo na kumkwamisha bila taarifa sio ufundi, ni ubunifu mbovu. Na akaenda kutengeneza Monkey Island ambayo kufa ni kwa kutafuta, shujaa wake anaweza kuziba pumzi dakika kumi chini ya maji! Yaani ukitaka afe inabidi umwache pale chini umwangalie tu. Miaka minne baadaye jamaa kahamia chini ya maji moja kwa moja, na shujaa ni samaki, habari ya pumzi haipo tena.

Kwahiyo mjue kwamba Freddi na Luther wameingia kwenye ukoo wa gemu ngumu, gemu za watu wazima wenye subira. Hata programu iliyotumika kuziendesha ni ile ile, SCUMM, iliyotengenezwa kwa ajili ya Maniac Mansion. Ila kwenye Maniac Mansion chini ya skrini kulikuwa na lundo la maneno, fungua, funga, sukuma, vuta, unachagua neno kwanza ndo unabofya kitu. Mtoto asiyejua kusoma atafanyaje? Humongous wakayafuta yote. Unabofya tu. Mshale ukikaa kwenye njia unaenda, ukikaa kwenye kitu unakigusa, ulivyookota vinajipanga pale chini, basi. Hakuna saa inayohesabu, hakuna maisha matatu, hakuna kufa.

Sasa hapo ndo palipo na mtego. Ukishamwondolea mtoto kufa, saa, na pointi, umebaki na nini cha kumshika pale? Ukimpa mchunguzi makini, mpole, anayefikiria kabla ya kutenda kama Freddi, mtoto atamheshimu, kama anavyomheshimu dada yake mkubwa anayepata A zote, lakini kumheshimu mtu na kutaka kuwa naye ni vitu viwili tofauti. Freddi ana majibu. Luther hana hata moja, ana maswali tu, na mengi ya hovyo, ndo maana wakaletwa wawili.

Angalia inavyofanya kazi. Gemu ya kubofya inataka mtoto aguse kila kitu kwenye skrini, kila jiwe, kila ganda, kila mmea, maana kila mahali wameficha kichekesho, unabofya gamba linafunguka kinatoka kitu kinaimba kinarudi ndani. Hizo ni nyingi kuliko hata mafumbo yenyewe na kwa kesi hazina msaada wowote, ni raha tupu. Lakini mtoto gani amezoea kuambiwa gusa? Nyumbani siku nzima ni acha, weka chini, utavunja, hivi wewe husikii. Ukimweka mbele ya skrini mara ya kwanza anakaa mikono imekunjwa anasubiri ruhusa. Kinachomfungua ni kuona ndani mle kuna mwenzake mwenye tabia kama yake na bado amekaribishwa kwenye safari. Pia wakikwama wale wawili wanaongea, Luther anauliza au analalamika, Freddi anamjibu, na mara nyingi ndani ya lile jibu ndo umo msaada wa wapi pa kwenda. Yaani msaada haujaja kwako wewe uliyeshindwa, umeenda kwa Luther aliyeuliza, wewe umesikia tu kwa pembeni. Heshima yako iko pale pale. Kwangu mi huo ni ufundi mkubwa kuliko mafumbo mengi ya gemu za bei kali za saivi, ambazo ukichelewa kidogo linatokea dirisha kubwa linakuuliza kama unataka kupunguza ugumu, unajisikia mjinga.

Nimelithibitisha hili kwa mpwa wangu, ana miaka sita, alikuja kukaa kwangu wakati wa likizo. Kiingereza chake ni salamu, rangi na kuhesabu. Gemu nzima inaongea Kiingereza kwahiyo nilikuwa namsimulia pembeni, sauti ya Freddi naweka ya kawaida, ya Luther naibana pua. Nikichoka nanyamaza. Nikagundua nikinyamaza Freddi anampotea, Luther hapotei. Anamwelewa kwa mwili, kwa macho yale yanavyotoka, kwa mapezi anavyoyatumia kama mikono, kwa jinsi anavyojificha nyuma ya Freddi. Hii nayo ina sababu yake: hii ndo gemu ya kwanza ya Humongous kuchorwa kwa mkono kama katuni, kabla ya hapo walikuwa wanachora kwa vidoti vya pikseli. Putt-Putt, kale kagari kao ka zambarau ka 1992, kalianzia huko kwenye vidoti. Kwa vidoti unaweza kuonyesha gari linakwenda, ila kumwonyesha mtu amejifanya haogopi huku anaogopa, hapo unahitaji kalamu na mchoraji anayejua kuigiza.

Basi tuko katikati, mpwa wangu kanyamaza muda, mara ananiuliza, "Anko, mbona huyu mdogo hapigwi?"

Nikamwambia apigwe kwanini.

"Si msumbufu."

Nilicheka mpaka dada yangu akaja kuchungulia kutoka jikoni. Ila ukilifikiria swali lina maana yake, maana ni kweli, ndani ya gemu zote zile Freddi hamchoki Luther. Anamrekebisha, anamtuliza, wakati mwingine anampuuza kidogo, lakini hamwachi nyumbani akaenda peke yake. Mpwa wangu jibu hakulingoja, alishaondoka kwenda kubofya mkunga wa baharini, ila nilimwona kuanzia pale mausi yake ilivyochangamka. Alianza kugusa vitu.

Na kuna kitu kingine kilichonifurahisha ambacho Wamarekani waliotengeneza hawakukitegemea kabisa. Hadithi ya gemu ya kwanza ni kwamba Bibi mmoja, Grandma Grouper, ameibiwa hazina yake ya mbegu za mwani, na bila zile mbegu viumbe wa pale baharini watalala njaa. Waliotumwa kuiba ni papa wawili, Boss na Spongehead, bosi wao ni ngisi mmoja anayejiita Squidfather. Kwa mtoto wa Marekani mbegu za mwani ni kitu cha hadithi tu, ni sawa na kuambiwa dhahabu ya majini. Mpwa wangu bibi yake mzaa baba yuko Paje, Unguja, analima mwani. Mtoto ameziona kamba, ameona bibi anavyofunga vipande kimoja kimoja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, anajua vipande vile ndo mbegu, ameshuhudia watu wakigombania mbegu maji yakitoka. Nilivyomwambia bibi kaibiwa mbegu za mwani alikasirika kikweli kweli, sio hasira ya kuigiza. "Zote?" Zote. Akakaa vizuri kwenye kiti. Pale Luther alikuwa anafanya vituko vyake na mtoto hakucheka kabisa, kesi imekuwa nzito.

(Kwa wale wa sayansi, najua, mwani ule mkubwa wa kwenye gemu ni kelp, ni wa maji ya baridi, huku kwetu haumo, na hauna mbegu, unazaana kwa vichembe vidogo mno (spora) vinavyoelea majini. Ukanda wa Seattle wanao wa kutosha, unasimama kama msitu, kwahiyo jamaa walichora bahari ya mlangoni kwao. Wa kwetu wa Unguja ni jamii nyingine kabisa, kilimo chake cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki huko huko Paje na Jambiani, na ule ndo unapandwa kwa vipande. Na tukiendelea kuwa wabishi, grouper ni chewa, na chewa wengi wanazaliwa majike afu wakishakua wakubwa baadhi wanageuka madume, kwahiyo chewa wa umri wa Bibi pale huenda angeshakuwa Babu zamani. Nimemaliza, turudi.)

Luther ni samaki gani hasa? Gemu haisemi moja kwa moja, ni samaki wa katuni tu. Ila mi nina nadharia yangu na sitaki ubishi. Kwenye ya tatu, The Case of the Stolen Conch Shell ya 1998, tunakutana na mjomba wake anaitwa Uncle Blenny. Sasa blenny ni jina la visamaki fulani vidogo vya miambani, vichwa vikubwa, midomo mipana, kazi yao kuchungulia kwenye matundu. Ukienda pwani maji yamekupwa ukainama kwenye vidimbwi vya mwambani utaviona, kinachomoza kichwa kinakuangalia, ukisogeza kidole kinazama, dakika haijaisha kimechungulia tena. Hakijifunzi. Uoga na udadisi kwa pamoja kwenye mwili wa sentimita chache. Kama huyo sio Luther basi sijui Luther ni nani.

Na hiyo ya tatu ndo bora kuliko zote kwa upande wa Luther, nimeshabishana na watu wanaoipenda ya kwanza lakini nasimama hapo hapo. Kwenye ya kwanza yuko kama msindikizaji. Ya pili, The Case of the Haunted Schoolhouse ya 1996, kuna mzimu shuleni unaiba midoli ya wanafunzi, na wao wanatafuta vifaa vya kutega mtego wa kuukamata, ni nzuri, na Luther na mzimu ni watu wa kukaa pamoja maana uoga wake unapata kazi, ila bado ni vichekesho. Ya tatu wameenda kutembea kisiwani kwa mjomba, kuna sherehe ya mji, na lile ganda kubwa la sherehe, lile la kupulizwa, limeibiwa. Mjomba ndo mlinzi wake. Anawekwa ndani. Kwa mara ya kwanza kesi sio ya bibi wa watu wala ya shule, ni ya nyumbani kwa Luther. Na Freddi hapo ndo mgeni. Unaona jinsi walivyogeuza meza? Mtundu ambaye siku zote anaburuzwa kwenye kesi za wengine safari hii damu yake iko jela, na mtoto anayecheza anaielewa hiyo haraka sana bila kuelezwa, kwa sababu mtoto yeyote ana mjomba.

Tena ya tatu ina ujanja mwingine, mwizi anabadilika. Kuna washukiwa kadhaa, unakusanya dalili, na kila ukianza upya gemu inaweza kupanga mwizi mwingine. Hii tabia ya kuchanganya karata ipo kwenye gemu zao nyingi, vitu unavyotafuta vinahama mahali, njia ya leo sio ya kesho. Sababu yake ni ya kibiashara na ya kibinadamu kwa wakati mmoja: mzazi kanunua sidii moja, mtoto atataka kuicheza mpaka ichubuke, sasa kama jibu ni lile lile baada ya mara ya pili hakuna mchezo umebaki, kuna kukariri. Kwenye ya tatu imeenda mbali zaidi maana anayebadilika ni mtu, sio kisanduku. Yule uliyempigia makofi jana leo ndo mwizi.

Niwe mkweli pia kwenye mabaya yasije kuonekana mapenzi yamenipofusha. Luther hakui. Gemu tano, kuanzia 1994 mpaka The Case of the Creature of Coral Cove ya 2001, na yuko vile vile, mwoga yule yule, mwenye papara ile ile. Ya nne ya 1999 wamempeleka kwenye mambo ya kauboi, jina lake refu hilo sijui The Case of the Hogfish Rustlers of Briny Gulch, samaki wa kufugwa wameibiwa kwa binamu yake Freddi, na mandhari ni nzuri, vumbi chini ya bahari usiniulize, lakini Luther anafanya yale yale ila kwenye mazingira ya kofia. Ningependa hata mara moja yeye ndo agundue jambo zito, kwa akili yake, na Freddi ndo abaki anashangaa. Pia kuna wakati anatumika kupita kiasi, kichekesho cha kwanza kizuri, cha pili sawa, cha tatu unatamani aende akanawe. Mpwa wangu hakubaliani na hii aya hata kidogo.

Walijua lakini kwamba anapendwa, maana 1996 walitoa vigemu viwili vidogo pembeni, Freddi Fish and Luther's Maze Madness na Freddi Fish and Luther's Water Worries, na jina lake safari hii liko kwenye boksi. Hivyo sio vya hadithi, cha kwanza ni mambo ya kupita kwenye njia zinazozungukana, vya kupotezea muda tu. Nilivipitia haraka sikurudi. Luther bila hadithi ni kelele tu, anahitaji kuwa na kesi nzito mbele yake ili utundu wake uwe na maana.

Linganisha na gemu nyingine za chini ya maji za miaka hiyo. Ecco the Dolphin ya Sega ya 1992, ile ya pomboo, nzuri mno kuangalia, muziki unakupeleka mbali, ila ni ya kutisha jamani, pomboo ni mnyama anapumua, kwahiyo una mstari wa hewa unapungua, unatafuta njia kwenye mapango huku unakufa taratibu, watu wazima wenyewe waliitupa. James Pond ya 1990 ni samaki jasusi, anaruka ruka, anapiga maadui, mchezo wa vidole. Zote mbili bahari ni adui au ni uwanja wa vita. Humongous bahari yao ni mtaa. Kuna bibi, kuna shule, kuna wanene wa mtaa, kuna wezi ambao kila mtu anawajua kwa jina. Na mtaa wowote una mtoto mmoja anayejulikana kwa utundu wake, akipita watu wanaficha vitu na wakati huo huo wanatabasamu.

Haya ya kampuni niyapitie upesi. Mwaka 1996 waliuzwa kwa GT Interactive, 1999 Infogrames wakaichukua hiyo GT Interactive, mambo yakaanza kupinda, 2001 watu wengi wakapunguzwa kazi, Gilbert na Day nao wakawa wameshaondoka wakaanzisha kampuni nyingine. Freddi ikaishia hapo kwenye ya tano. Ndo mambo ya makampuni, wanaonunua wanaangalia hesabu, samaki wa kijani hana hesabu. Mwaka 2014 zikaanza kuingia kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni.

Wenye sidii za zamani mnaniuliza sana mbona haifunguki kwenye laptopu mpya, jibu ni kwamba programu za Windows za 1994 ziliandikwa kwa mfumo wa biti 16, na Windows za biti 64 tulizonazo saivi haziziendeshi kabisa, usihangaike na mafundi. Dawa ni ScummVM. Hiyo ni programu ya bure, ipo tangu 2001, haiigi kompyuta ya zamani, inachofanya ni kusoma faili zenyewe za gemu na kuziendesha kwa injini yake mpya. Fungua sidii yako, tafuta faili zenye mwisho wa HE0 na HE1 na wenzake, zinakili zote kwenye folda moja, afu kwenye ScummVM bonyeza kuongeza gemu uielekeze pale. Imekwisha. Hata simu ya Android inakubali, ila kwa mtoto skrini ndogo inamnyima raha ya kubofya vitu vidogo vidogo, laptopu ni bora, tena laptopu chovu kabisa, ile iliyokataa kila kitu, hii itaicheza. Ukikosa sidii zipo za kununua mtandaoni na mara nyingi wanashusha bei, subiri punguzo.

Mkianza msifuate namba. Mtoto mdogo sana mpe ya kwanza maana kesi yake inaeleweka hata kwa picha, ila kama ana miaka sita kwenda juu mpeleke ya tatu moja kwa moja halafu mrudishe ya pili usiku usiwe mwingi. Ya tano mwisho kabisa, ya nne akipenda farasi.

Sisi tuko kwenye ya tatu saivi. Mpwa wangu kamshika mwizi, mjomba katoka ndani, kashangilia nyumba nzima, anataka kuanza upya ili amkamate yule yule mapema kabla hajaiba. Nimemwambia safari hii mwizi atakuwa mwingine. Anasema haiwezekani, yule ameshakiri.